Mgeni wa Kitufe cha Kijani

Jumatatu, 4 Novemba

Nesi wa kliniki ya presha kasema nisirundike mambo moyoni, niyaandike. Haya, naandika. Daftari ni la Kitinda, binti yangu wa mwisho. Mbele kuna masomo yake ya chuo, mimi nimeanzia nyuma.

Leo tumekusanywa wote kumi na wanne wa dobi ya hospitali, tukaoneshwa kompyuta. Imewekwa pale dirishani tunapopokelea mashuka machafu. Aliyetuonesha ni Karani wa zamu. Mtu mzima, kichwani zimebaki nywele za juu ya masikio tu, lakini leo alipendeza kama bwana harusi. Alisema yeye na kupanga zamu kwa rula na kalamu basi tena. Humo ndani kuna jedwali. Majina yetu yamo, siku zimo, namba zetu za simu zimo. Na juu ya jedwali kuna vitufe vitatu, kavitengeneza mwenyewe. Unapeleka mshale, unabonyeza, kazi iliyokuwa ikimla siku mbili inakwisha kabla hujamaliza mwayo.

Cha kijani kimeandikwa PANGA. Cha njano KUMBUSHA. Chekundu FUTA, na hicho alisema atakayekigusa atamtambua yeye ni nani. Akaendelea kueleza, kuna kisanduku cha hiki, kuna kisanduku cha kile. Sikusikia. Bi Kalamu alikuwa anamnong'oneza jirani yake, nikawa nasikiliza huko.

Bi Kalamu alimaliza kidato cha nne, na kalamu huwa kaichomeka kwenye nywele ili tusisahau. Kalamu ya nini? Tunafua mashuka!

Kisha akasimama Metroni. Akasema amechoka na watu wanaomfuata ofisini na machozi, huyu shangazi yake mgonjwa, yule shemeji yake kafika. Kitufe hakina shangazi wala shemeji. Kitakavyopanga ndivyo. Atakayekuja kumlilia, barua.

Nikajikuta nimesimama. Wallahi sijui nani alinisimamisha. Nikasema Metroni umetukomboa, sisi wengine tulikuwa tunaonewa. Nikamalizia: kitufe oyee! Wenzangu wakaitikia kama watu walioamshwa.

Karani akabonyeza. Majina yakaruka ruka, yakatulia. Mimi: JUMAMOSI, ASUBUHI, PASI KUBWA.

Jumamosi! Jumamosi hii Kitinda anavaa joho. Chuo cha ualimu, mahafali, wazazi wote wawili wamealikwa. Mimi niliishia darasa la nne. Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kuvaa joho, labda la kinyozi.

Nimerudi nyumbani nikamweleza Baba Watoto. Akaniambia nikaombe ruhusa. Kirahisi hivyo! Kasahau. Mwaka jana Kitinda alianguka somo moja, akarudia mwaka. Na mimi nilikuwa nimeshatangaza kazini kwamba anamaliza. Bi Kalamu aliponiuliza mahafali yalikuwaje, nikamwambia yalifana mno. Nikamtajia na rangi ya joho. Nikagawa soda. Sasa nikamwambie Metroni nini? Mtoto mmoja anamaliza chuo kimoja mara ngapi?

Kitinda kapiga simu. Mama, utakuja? Nikamwambia hata wanifunge kamba, nitakuja na kamba.

Kwenye simu kulikuwa na ujumbe mmoja, sikuufungua. Nilidhani ni wale wa kampuni ya simu wanaotaka ninunue wimbo.

Jumanne, 5 Novemba

Nimegundua kitu! Karani alibonyeza mara moja tu. Kwani akibonyeza mara ya pili si majina yataruka tena yatue kwingine?

Mimi ndiye ninayefungua dobi asubuhi, funguo zote ninazo mimi. Nimewahi nusu saa. Nimekaa kwenye kiti cha Karani. Kile kidude cha kusukumia mshale kinateleza kama sabuni. Mshale ukaenda dari, ukaenda kona, ukapotea. Nikauita. Ukarudi. Nikabonyeza kijani.

Majina yakaruka. Mimi: Jumamosi, zamu ya mchana. Hapana.

Nikabonyeza tena. Jumamosi, usiku. Hapana, hapana.

Mara ya tatu: JUMAMOSI, MAPUMZIKO!

Nilitakiwa kuinuka pale. Najua. Lakini jicho likateremka, likamwona Bi Kalamu, naye Jumamosi anapumzika. Na Jumapili anapumzika! Siku mbili mfululizo, na kalamu yake kichwani. Roho ikakataa. Nikasema mara moja tu, ya mwisho, ili naye aipate pasi kubwa.

Nikabonyeza. Yeye akapata mapumziko ya siku tatu. Mimi nikarudishwa kazini Jumamosi.

Basi nikawa nabonyeza sasa kwa hasira. Nilipofika mara ya tisa nikasikia viatu vya Karani. Nikaruka kwenye ufagio. Jedwali likabaki hivi: mimi, Jumamosi, asubuhi, pasi kubwa. Palepale!

Hata hayo si kitu. Kumbe kila PANGA ikibonyezwa, kompyuta yenyewe inamtumia kila mtu ujumbe wa zamu zake mpya. Kila mtu! Karani anasema alilieleza hilo jana. Kazini simu tunafungia makabatini, mimi sikujua. Lakini waliokuwa nyumbani walijua. Saa tatu wakaingia watu watatu wa zamu ya usiku, macho mekundu, wanasema wameitwa. Wa asubuhi wawili hawakuonekana kabisa, ujumbe umewaambia walale. Mmoja alikuja, akarudi, akaja, akafika getini akakaa chini akasema hapa ndipo atasubiri mpaka kompyuta iamue.

Kila simu jumbe tisa. Metroni aliuliza ni nani. Karani jasho likamtoka mpaka kwenye zile nywele za masikioni, akaapa ni mtandao. Nikadakia kwa nguvu: mtandao! Hata kwetu mtaani unasumbua!

Bi Kalamu akanitazama. Akasema, dada, kwani kwenu mtaani mna jedwali?

Presha imepanda. Nimeandika, bado imepanda.

Jumatano, 6 Novemba

Nilifikiri tangu nilipoamka. Kubonyeza ni bahati nasibu. Mimi si mtu wa bahati, mimi ni mtu wa akili.

Nimewahi tena. Safari hii sikugusa kitufe. Nikapeleka mshale kwenye kisanduku changu cha Jumamosi, nikaandika kwa kidole kimoja: MAPUMZIKO. Herufi tisa. Kwenye ule ubao wa kuandikia herufi hazikupangwa kwa mpangilio wa darasani, aliyezipanga alikuwa na ugomvi na watu. Nikamaliza. Nikatabasamu.

Safu nzima ya Jumamosi ikawa nyekundu! Chini ikaandika: PUNGUFU MTU 1.

Yaani inahesabu watu! Nikaandika upya kama ilivyokuwa, wekundu ukatoka. Nikawaza. Kama shida yake ni mtu mmoja, mbona dogo? Nimpe mtu mmoja.

Nikateremka mpaka chini ya jina la kumi na nne. Pale palikuwa wazi. Nikaandika: MGENI. Sikutaka jina la mtu, nisije nikamchongea mtu. Mgeni ni mgeni tu.

Kikaja kisanduku kinawaka waka, kinataka namba ya simu. Nikaweka yangu. Kikakataa, kikasema imeshatumika. Mjanja huyu! Namba nyingine ninayoijua kwa kichwa ni ya Baba Watoto. Nikaweka hiyo. Kikanyamaza. Nikashika kifua, nikabonyeza kijani mara moja tu.

Majina yakaruka, kumi na tano sasa. Yakatulia.

Mgeni: Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, asubuhi, chumba cha kukunjia. Mimi: Jumamosi, MAPUMZIKO. Kijani kibichi, hakuna hata chembe ya wekundu!

Niliinuka palepale. Nimejifunza.

Na hakuna aliyeuliza! Karani aliona majina kumi na tano, akakunja uso, akaukunjua. Nadhani amejisemea ni mtu wa Metroni, nani amuulize Metroni? Metroni naye kapita, kasoma, kasema loo, Karani umetuletea mtu kutoka makao makuu, ilikuwa lazima. Karani akasema ndiyo. Mtu mzima akasema ndiyo!

Nyumbani nimemkuta Baba Watoto kavaa miwani, kashika simu kwa mikono miwili. Kanisomea: "Mgeni, zamu yako ni kesho saa moja asubuhi, chumba cha kukunjia." Alikuwa dereva miaka thelathini, sasa ni mstaafu, simu yake haina anayeipiga. Kaniuliza, mke wangu, hawa watu wamenijuaje? Nikamwambia ni mtandao.

Akausoma tena ule ujumbe. Akauliza, sasa nivae nini?

Alhamisi, 7 Novemba

Siku ya Mgeni ya kwanza kazini. Kaniua.

Sikuwaza hili. Mgeni kapangiwa kukunja, basi mashuka lazima yakunjwe. Wodi haziwezi kukaa zinasubiri kivuli. Kwa bahati chumba cha kukunjia kiko nyuma, anafanya mtu mmoja, na ufunguo ninao mimi. Lakini na mimi nina pasi kubwa yangu mbele! Basi ikawa napiga pasi mashuka ishirini, nasema naenda msalani, nakimbilia nyuma, nakunja ishirini, narudi. Mpaka saa nne nilikuwa nimekwenda msalani mara saba. Wenzangu wakaanza kunihurumia. Mmoja kanipa maji ya chumvi.

Karani kaleta chai. Kikombe cha Mgeni kakiweka mlangoni kwa heshima, kagonga, kaondoka. Ilibidi ninywe. Kisha nikanywa changu. Safari za msalani zikawa za kweli.

Halafu sikilizeni hili. Saa ya mapumziko wakaanza kuulizana, huyu Mgeni yukoje? Kabla sijafungua mdomo, Bi Kalamu akasema yeye ameshamwona! Mimi nikamtazama. Akasema ni mfupi, mweupe kiasi, ana pengo hapa mbele, na wamezungumza sana. Wakamuuliza ni mtu wa vipi. Akasema ni mpole lakini hapendi watu wasiosoma.

Nikamuuliza, mwenzangu, una hakika? Akaniambia, dada, mimi na Mgeni tumekaa pale tukaongea kama ndugu, wewe ulikuwa msalani.

Uongo wa kiwango hicho! Mtu mzima, hana haya!

Baba Watoto leo amenyoa ndevu. Sikumuuliza.

Ijumaa, 8 Novemba

Miguu imevimba. Lakini kesho ndiyo kesho! Funguo za dobi nimemwachia Karani. Nimetoa gauni la zambarau, nimelining'iniza dirishani.

Kazini mambo yamekuwa makubwa. Metroni aliingia chumba cha nyuma wakati mimi niko kwenye pasi. Nikaona roho inatoka kwa miguu. Akatoka huko ameshika shuka moja, kaliinua juu mbele yetu sote. Akasema tazameni. Kona kwa kona! Ukingo haujapishana hata unywele! Akasema miaka yote yuko hapa hajawahi kuona mkunjo kama huu, na mwenye kazi mwenyewe hana makuu, hata kujionesha hataki, kaingia kimya, katoka kimya. Akasema sisi wengine tuige.

Mimi nina miaka kumi na tisa katika dobi ile. Kumi na tisa! Nimekunja mashuka ya waliozaliwa na waliokufa. Hakuna aliyewahi kuinua shuka langu. Na akageukia kwangu mimi akasema, hasa wewe Mama Mvuke, punguza matembezi, jifunze kwa Mgeni.

Nilipiga makofi pamoja na wengine. Ningefanyaje?

Nimerudi chumba cha nyuma nimekuta karatasi kwenye rafu. Mwandiko wa Metroni: "Hongera. Endelea hivyohivyo." Niliisoma mara tatu. Nikataka kuichukua nyumbani, nikakumbuka si yangu. Kisha nikakumbuka ni yangu. Kisha nikaiacha.

Kitinda kapiga simu. Kasema viti vya wazazi viko mstari wa nne, kwamba kachagua mwenyewe, kwamba nisipokuja ataona kiti kitupu tokea jukwaani. Nikamwambia mwanangu, kiti kitaniomba mimi niinuke.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto. Nianzie wapi?

Tulifika mapema. Mstari wa nne, kweli. Mimi na gauni langu, Baba Watoto na suti ya mwaka tuliooana, vifungo vinaomba msaada. Ukumbi umejaa. Kwa mbali nikamwona Kitinda kwenye joho, jeusi lina ukingo wa kijani. Mwaka jana nilimwambia Bi Kalamu ni la bluu. Machozi yakaja kabla ya wakati.

Saa tatu simu ya Baba Watoto ikalia. Kaipokea kwa furaha. Akasema ndiyo. Akasema ndiyo, mama. Akasema samahani sana mama, ila mimi niliambiwa ni mtandao. Kisha akaziba simu kwa kiganja, akaniambia ni bosi wake, anauliza mbona hajafika kazini.

Metroni!

Nilimnyang'anya. Nilitaka kukata. Kidole kikakataa. Nikasikia, haloo, Mgeni? Yule ni ndugu yako aliyepokea? Na mimi nikafanya sauti nyembamba, sijui niliitoa wapi, kama ya mtu aliyekaa ndani ya chupa. Nikasema ndiyo, Metroni, ndiye mimi.

Hakugomba. Aliuliza tu, kuna nini, dada? Wewe si mtu wa kukosa.

Na jamani, nikasema. Sijui ni ile sauti, sijui ni lile neno dada. Nikamwambia binti yangu anamaliza chuo leo. Nikamwambia alirudia mwaka, na mimi niliona haya, nikaficha, nikasema uongo kwa watu. Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne, nikaogopa watanicheka mimi na yeye. Nikamwambia yuko pale mbele, amevaa joho, na mimi nataka tu nisikie jina lake likitajwa. Mama aliyekaa mbele yangu akageuka akanipa leso.

Metroni akasema, dada yangu, si ungesema tu! Akasema siku ile ya kwanza Karani alionesha kisanduku cha maombi, pembeni mwa jina, unaandika siku unayotaka na sababu, kitufe kinakuheshimu. Lakini wewe siku hiyo ulikuwa hujafika, huwezi kujua. Akasema kaa na mwanao, mpigie vigelegele na kwa niaba yangu, mimi nitabonyeza hapa atafutwe mtu wa kukushikia.

Nililia. Baba Watoto akaniuliza, bosi kasemaje, wamenifukuza?

Dakika moja haikupita. Simu yangu mimi, ndani ya pochi, ikatetemeka.

"Mama Mvuke, zamu yako ni leo saa saba mchana, chumba cha kukunjia. Unamshikia Mgeni."

Niliusoma mpaka herufi zikachoka.

Saa tano na dakika ishirini jina la Kitinda likatajwa. Niliruka juu ya kiti! Kigelegele nilichopiga, msoma majina alisimama akangoja. Kitinda akacheka kule jukwaani, akanitafuta kwa macho, akaniona. Hapo hata wangenipangia zamu ya mwaka mzima.

Tukapiga picha mbili. Nikamwambia mwanangu, kuna mwenzangu kazini ana dharura. Akanikumbatia, akasema nenda mama, umekuja, inatosha. Mtoto mwema, hajui ametoka kwa nani.

Nimeingia dobi na gauni la zambarau na viatu vya kisigino. Wote wakageuka. Bi Kalamu alikuwepo, pasi kubwa imemwangukia yeye. Akaniuliza, dada, umependeza, ulikuwa wapi? Nikasema nyumbani. Akasema kwako mnapika na visigino?

Halafu yeye mwenyewe akaanza kuwahadithia. Kwamba Metroni kawaambia wote: Mgeni yuko kwenye mahafali ya bintiye. Kwamba binti alirudia mwaka, na Mgeni kasema wazi, hakuficha. Wenzangu wakaitikia, yule ni mama! Mmoja akasema wa kwake alirudia mara mbili, na hajawahi kumwambia mtu mpaka leo hii. Mwingine akafuta macho. Bi Kalamu akasema, na mimi Mgeni alishaniambia siku nyingi, ananiamini. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba hata yeye kidato cha nne alikaa mtihani mara tatu.

Nilikuwa na nafasi pale. Nilifungua mdomo. Nikasema: binti yangu...

Wote wakanitazama.

Nikasema binti yangu alimaliza mwaka jana, kwa mara moja tu.

Wakasema haya, hongera, wakarudi kwenye habari za Mgeni. Nikaenda nyuma nikakunja. Mashuka mia na arobaini. Namwonea wivu mwanamke asiye na hata soli ya kiatu duniani.

Jumatatu, 11 Novemba

Habari njema! Kitinda kapata shule ya kufundisha. Anaripoti Jumamosi hii, kapewa na chumba, anataka nimsaidie kuhamisha godoro na kumpangia vyombo. Kasema mama, huwezi kukosa hili. Nikamwambia hata wanifunge kamba.

Nikaenda kutazama jedwali. Mimi: Jumamosi, asubuhi, pasi kubwa. Hiki kitufe kina lake jambo na mimi!

Lakini sasa mimi si yule wa wiki iliyopita. Sasa najua vitufe. Najua jumbe. Najua kuna kisanduku cha maombi, pembeni mwa jina, unaandika siku na sababu, basi. Kitu kidogo hivyo, na nilihangaika kama kuku!

Karani alipokwenda kunywa chai nikakaa. Nikapeleka mshale kwa jina langu. Kisanduku kikafunguka, kinangoja. Nikawaza: niandike sababu gani? Godoro la binti? Bi Kalamu atasoma. Atauliza, dada, aliyemaliza mwaka jana mbona anahamia leo? Na Metroni alishanionya mimi na matembezi yangu. Mimi Metroni hanisikilizi.

Anayemsikiliza ni nani?

Nikateremka mpaka jina la kumi na tano. Nikafungua kisanduku chake. Nikaandika pole pole, herufi moja moja, kwa adabu yake ile: NAMWOMBEA DADA YANGU MAMA MVUKE APUMZIKE JUMAMOSI. ALINISHIKIA ZAMU KWENYE MAHAFALI. NA MIMI NITAMSHIKIA YAKE.

Hata sikungoja sana. Mchana Metroni mwenyewe kaja dirishani, kasoma, kaweka mkono kifuani. Kasema mnaona? Huyu ndiye mtu! Akabonyeza kijani palepale. Akanigeukia akaniambia nipumzike Jumamosi bila wasiwasi, pasi kubwa ina mwenyewe.

Nyumbani Baba Watoto ameshapata ujumbe. Kashapiga viatu rangi. Nimemwambia avivue, Jumamosi tunabeba godoro.

Mgeni jamani! Wiki moja tu kazini na ameshanishikia zamu. Ningewapata wenzangu kama yeye watatu tu, nisingekuwa na presha.